Taifodi ya Mzee Paskali

Nimestaafu, koti jeupe nimeshalirudisha, na bado nina hasira. Naanza na hilo ili msije mkadhani bibi huyu amekuja kuwapa nasaha tamu za uzeeni. Nyie mnaoingia maabara leo, mnaobonyeza kitufe na mashine inawatolea karatasi, kaeni niwaambie jinsi nilivyotia sahihi yangu kwenye ugonjwa ambao haukuwepo, miaka nenda miaka rudi, mpaka mke wa mtu akafukuzwa jikoni kwake kwa kosa la kumlisha mumewe sumu. Hakumlisha sumu yoyote. Alimlisha ugali, makande na mboga za majani, kama mnavyolishwa ninyi.

Mimi ni Magdalena. Nilikuwa mpimaji wa maabara kwenye kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Karatu, ndani kidogo kutoka barabara iendayo lango la Ngorongoro. Magari ya watalii yalipita kwa kasi kule kwenye lami, sisi tukabaki huku kwenye vumbi jekundu na wagonjwa wetu: wakulima wa mbaazi na ngano, wachuuzi wa vitunguu waliodandia malori kutoka Mang'ola, wafugaji walioteremka kutoka upande wa kreta na mashuka yao mabegani. Wote waliniita dokta. Ukivaa koti jeupe huku kwetu wewe ni dokta, hata kama kazi yako ni kuchungulia choo cha watu.

Na kazi yangu ilikuwa hiyo hasa. Zamani hatukuwa na vikopo vya plastiki vyenye kijiko kwenye mfuniko. Choo kilikuja kwenye kiberiti. Mtu anamwaga njiti, anaweka mzigo wake, anafunga, anatembea nao mfukoni kilomita kadhaa. Siku moja mzee mmoja aliniachia kiberiti chake mezani akaondoka. Baada ya muda akarudi anahema, uso umemwiva kwa aibu: alitaka kuwasha sigara njiani, akagundua njiti ameniachia mimi na kile kingine kiko mfukoni mwake. Tulicheka siku nzima, na yeye akacheka.

Sikilizeni kwanza jambo la kazi, hasira itafuata. Usikimbilie kupaka slaidi, kile kioo cha kuwekea chini ya hadubini. Choo kiangalie kwa macho kikiwa bado kwenye kopo. Kikiwa na utelezi na damu, una haki ya kutafuta amiba, tena upesi kabla hakijapoa. Kikiwa vidonge vigumu vilivyokauka kama vya mbuzi, acha hadubini, mtazame mwenye choo na umwulize: ni tangu lini? Kwa wiki unakwenda mara ngapi? Swali hilo halitaki umeme wala kemikali. Mimi nililijua, maana nilifundishwa na bingwa. Siku lilipotakiwa, sikuliuliza.

Bingwa mwenyewe alikuwa Mzee Paskali, mkuu wa maabara kabla yangu. Niliingia pale msichana mwenye kucha ndefu, na kabla hajaitikia shikamoo yangu akanipa mkasi nizikate. Kisha akanikalisha kwenye kigoda mbele ya hadubini na slaidi moja, asubuhi nzima. Nikisema nimeona yai la mnyoo, anaangalia, anasema, "Hiyo ni punje ya unga, Magdalena. Binadamu anakula ugali. Rudia." Nikianza kulia, anageukia dirishani anaita mgonjwa mwingine. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye slaidi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na rejista yake aliiandika kwa herufi kubwa za duara ambazo ungezisoma ukiwa mlangoni.

Alikuwa na tabia moja iliyotushangaza. Saa nne alikula kiazi chake kitamu palepale mezani, kando ya makopo yaliyo wazi. Sisi tumeziba pua, yeye anatafuna. Tukasema pua ya mzee imeshazoea kazi. Haikuwa mazoea. Alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa, na kwenye chumba kizima cha watu waliosomea kupima hakuna aliyewaza kumwuliza kama harufu ile anaisikia.

Akaanza kumlalamikia mkewe. Mama Ema alimpikia makande ya kubeba kazini, naye akifungua chombo anaonja, anafunga. "Mama Ema siku hizi amebadilisha mapishi," anasema. "Chakula hakina ladha, hakina harufu." Aliyasema hayo mbele yangu, na mbaya zaidi aliyasema nyumbani mbele ya dada yake, Yuliana, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kuishi na kaka yake baada ya kufiwa na mume. Yuliana ni mtu wa kusikia jambo akaliweka.

Halafu mzee akawa hapati choo. Tulimtania, Mungu atusamehe. Tulisema anapima choo cha kata nzima na chake hakijulikani kilipo. Alicheka mwenyewe, akanywa haluli, akaendelea na kazi. Na zile herufi zake za duara zikaanza kupungua. Ukifungua rejista za miaka yake ya mwisho, unaona mistari inaanza na herufi za kawaida na kumalizia na vitu vidogo kama punje za ulezi. Mkuu wa kituo alimgombeza kwamba anatuumiza macho. Hiyo ndiyo tiba aliyopata.

Akastaafu, nikakalia kiti chake. Hazikupita siku nyingi akaanza kuja kama mgonjwa. Tumbo limejaa, choo siku tano hakuna, kichefuchefu, akila matonge matatu ameshiba. Tabibu akaandika kwenye daftari la mzee: apimwe taifodi. Likaja kwangu.

Kipimo tulichokuwa nacho kilikuwa cha kigae cheupe. Unaweka tone la maji ya damu, unaweka tone la dawa, unatikisa, unaangalia kama vinajitokeza vichembechembe. Taabu yake ni kwamba damu ya mtu aliyeugua zamani, au anayeugua kitu kingine kabisa, nayo inaweza kutoa vichembe kidogo. Vikiwa hafifu namna ile, jibu la kweli ni "sijui." Sasa niambieni, nani katika nchi hii anapanga foleni tangu asubuhi ili aambiwe sijui?

Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa vitunguu, mtu wa Mang'ola, nilimwambia sikuona kitu kwenye damu yake. Akashika kiuno. "Dokta, nimeacha lori linapakia, nimekuja mpaka hapa, unaniambia siumwi? Basi kipimo chako kibovu." Akaenda mjini kwenye duka la dawa, wakampima nyuma ya kaunta, akarudi makusudi kunionyesha karatasi: taifodi, amiba na maambukizi ya mkojo, vyote kwa pamoja. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Mkuu wangu wa kituo akaniambia nisifukuze wateja. Wateja! Basi nami nikajifunza ule ubaya, kwamba mtu asitoke mlangoni bila jina la ugonjwa. Nikiona vichembe hafifu, naandika. Nikidhani nimeviona, naandika.

Mzee Paskali nikamwandikia taifodi. Akameza vidonge vya kuua bakteria wiki mbili. Vikamharisha, nasi tukashangilia kwamba choo kimepatikana. Mwezi uliofuata tumbo limefunga tena, amerudi. Taifodi. Baada ya mwezi amerudi. Tabibu mwingine, taifodi ileile, vidonge vikali zaidi. Ikafika mahali pameandikwa "taifodi sugu." Sugu nini? Ugonjwa ambao haukuwepo utapona vipi? Nawaambia mpaka leo nikiona maneno hayo mawili kwenye daftari la mtu natamani kulichana.

Kinachonikera zaidi ni kwamba yeye bingwa aliniamini. Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe unaonaje?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, ilibidi niiname nimsikie. "Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti, Magdalena," akasema. Nikaona ni heshima. Nikatia sahihi, nikaita anayefuata.

Zamu yangu ya kustaafu ikafika. Nikapanda mahindi, nikafuga kuku, na siku moja nikasema nikamsalimie mwalimu wangu. Nikachukua sukari na sabuni, nikaenda. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha mbao, amekonda, blanketi mapajani jua likiwa linawaka. Nikampa shikamoo. Aliniangalia kwa uso ambao haukusogea hata kidogo, nikadhani amenichukia. Marahaba yake ilikuja baadaye sana, nimeshakata tamaa. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo. Na mkono wa kulia, ule mkono mwepesi, kidole gumba kilikuwa kikisuguana na kidole cha shahada bila kupumzika, kama mtu anayeviringisha kitonge kidogo cha ugali kisichoisha.

Aliyetoka ndani na kikombe cha maziwa hakuwa Mama Ema. Alikuwa Yuliana.

"Mama Ema yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko kwa kaka yake, Endabash. Tulimwambia akapumzike."

"Apumzike nini, na mumewe yuko hivi?"

Yuliana akaweka kikombe chini. "Dokta, wewe ni mtu wa hospitali, nikuulize. Ugonjwa wa hospitali si unapona kwa dawa ya hospitali? Huyu amemeza dawa zenu zote, haumtoki. Umeanzia tumboni. Tumboni kunaingia nini? Chakula. Nani alikuwa anapika? Kaka yangu mwenyewe alisema, kwa mdomo wake, kwamba mama huyu amebadilisha mapishi. Ndugu tulikaa kikao. Tukamwambia aache sufuria."

Mzee Paskali alitaka kusema kitu. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka, Yuliana akamfuta mate na kumwekea kikombe mdomoni. Kisha akaingia ndani akaniletea madaftari, yale madaftari ya shule tunayonunua dukani kuandikiwa matibabu. Yalikuwa matano. "Soma mwenyewe," akasema. "Si sahihi yako hii? Ninyi wenyewe mmeandika mmeshindwa."

Nikasoma. Sijui kama mmewahi kusoma madaftari matano ya mtu mmoja kwa mkupuo. Kituoni hatusomi. Mgonjwa akija tunafungua ukurasa mweupe, tunaandika leo, tunafunga. Nyuma hatugeuzi. Siku ile barazani niligeuza. Hapati choo. Hapati choo. Anashiba haraka. Chakula hakina ladha. Anapiga mateke usingizini. Anatembea taratibu. Mkono unatetemeka. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa wote, kwa mpangilio, na chini ya kila ukurasa kuna neno taifodi na jina langu.

Nikawaambia ndugu zake nampeleka hospitali kubwa, mkoa wa jirani. Wakaniambia nijisumbue nikitaka. Tukaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mtoto wangu wa mwisho. Hakuchukua damu. Alimwambia mzee asimame, atembee mpaka dirishani, ageuke. Akamshika kiwiko akakikunja na kukikunjua. Akampa kalamu aandike jina lake. Kisha akaniuliza mimi: choo kilianza kufunga lini? Kunusa je? Nikamweleza mpaka habari ya kiazi kitamu, akatikisa kichwa.

"Ni ugonjwa wa Pakinsoni," akasema.

"Bila kipimo?" Nilikasirika kweli. Maisha yangu yote nimekula kwa vipimo.

"Kipimo ni hiki unachokiona, mama. Ugonjwa huu kwa wengi huanza tumboni na puani miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Utumbo unakuwa mzito, tumbo linachelewa kusukuma chakula. Tukisubiri mtetemeko tunakuwa tumechelewa." Akafungua madaftari. Alipofika kwenye sindano ya kuzuia kichefuchefu tuliyokuwa tukimchoma kila akija, akalipiga lile daftari mezani. "Na hii mlimpa mara ngapi? Hii ndiyo inayomgandisha zaidi!"

Sikuijua habari hiyo. Basi ninyi mnaosoma hapa mmeshaijua: mtu mzima mwenye kichefuchefu, mzito wa mwili, choo hakipiti, muulizeni daktari anayefahamu kabla hamjamdunga dawa hiyo.

Nikauliza habari ya bakteria, kwa sababu hao ndio niliowawinda. Akanieleza bila haraka, na hapo nilimpenda. Utumbo wa mtu una bakteria wengi wasio na ubaya, wapo pale kwa kazi, wanasaidia kusaga chakula na kufanya choo kipite. Kwa wagonjwa wa Pakinsoni watafiti wanaona mchanganyiko wa hao bakteria umebadilika. Kama mabadiliko ndiyo yanayoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoleta mabadiliko, bado wanabishana wenyewe, na yeyote atakayewauzia unga wa kutibu Pakinsoni kupitia tumbo leo anawadanganya. Wapo hata bakteria wanaoweza kuitafuna dawa ya Pakinsoni ikiwa bado tumboni, kabla haijaingia kwenye damu. "Sisemi vidonge vyenu ndivyo vilivyomletea ugonjwa," akasema. "Lakini mama, mlikuwa mnaua wenyeji wa tumbo lake kila mwezi bila kuwauliza majina."

Nilifundishwa kutafuta adui tu kwenye choo. Hao wengine wote waliojaa kwenye kioo changu nilikuwa nawaandikia neno moja: kawaida. Naona haya kulisema.

Tukapewa dawa. Dawa yenyewe Karatu hatukuipata. Mjini pale maduka ya dawa yamepangana, vidonge vya kuua bakteria vinauzwa bila cheti karibu na biskuti na vocha, lakini kidonge cha kumfanya mzee anyanyue kijiko mwenyewe mpaka kiagizwe Arusha kije na basi. Semeni kama hilo si la kukasirisha.

Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Mwezi wa pili, hakuna kitu. Mzee yuko vilevile kwenye kiti. Yuliana akaanza kunisema sokoni, kwamba dokta naye amekuja na zake, dawa haimshiki, maana kilichomo tumboni si cha hospitali. Ndugu wakaanza kuzungumza habari ya kumrudishia Mama Ema vitu vyake vilivyobaki, asirudi tena. Nikampigia simu yule daktari, nimevimba, nimejiandaa kumgombeza.

Akauliza swali moja tu. "Anameza na nini?"

Simu ikiwa sikioni, nikamwuliza Yuliana. "Na maziwa," akasema, tena kwa kujivuna. "Kikombe kizima, asubuhi na jioni. Dawa kali hivyo, nimpe na maji matupu imwunguze?"

Ninyi wa huku mnajua. Dawa kali kwetu huteremshwa kwa maziwa, mama zetu walifanya hivyo, na mimi mwenyewe na koti langu jeupe niliwaambia wagonjwa hivyohivyo maelfu ya mara. Daktari akaniambia kwenye simu: dawa hii na protini ya maziwa hupita mlango mmoja utumboni, zikifika pamoja zinasukumana na dawa inabaki nje. Apewe na maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya uji. Maziwa na maharage vije baadaye. Anywe maji mengi, ale mboga na matunda, atembezwe kila siku, na apewe dawa ya kulainisha choo, kwa sababu tumbo likijaa choo hata dawa inakwama njiani.

Yuliana hakuwa na ubaya na kaka yake. Nisimwonee. Alimpenda, akawa anamnyima dawa kwa kikombe cha maziwa kila siku bila kujua. Ila alipoambiwa yeye ndiye aliyekuwa akikosea, hakuna aliyemfukuza jikoni. Hakuna aliyeitisha kikao. Walisema, "Ah, hakujua." Mama Ema hakupewa hiyo "hakujua."

Nilikwenda pale kila asubuhi majuma matatu kusimamia maji na saa. Siku moja, saa mbili na nusu hivi, Mzee Paskali alinyoosha mkono akaanza kufunga vifungo vya shati lake. Kimoja. Cha pili. Alipomaliza cha mwisho akainua uso, akasema, sauti ndogo lakini ya kwake: "Mke wangu hakunipa kitu. Nilitaka kuwaambia siku ile ya kikao. Mdomo ulikataa."

Yuliana akaangalia chini. Kaka yao mkubwa akajikuna shingo. "Basi," akasema, "tumtumie ujumbe arudi apike."

Basi! Arudi apike! Nilisimama nikawaambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana mwanangu anayenichapia ni mlokole.

Tukaenda Endabash mimi na mzee. Kutoka barabarani alitembea mwenyewe, hatua fupi fupi, nikimhesabia kama askari. Mama Ema alikuwa uani anapepeta mbaazi. Alimwona, akaweka ungo chini, akamtazama kuanzia viatu mpaka vifungo. Akamletea kiti. Akamletea maji. Kisha akanigeukia.

"Dokta, karibu. Nina swali moja."

"Uliza, mama."

"Ile taifodi. Ulikuwa unaiona kwa macho yako, au ulikuwa unaiandika tu?"

Ningeweza kumweleza habari ya kigae, vichembe hafifu, mkuu wa kituo na mchuuzi wa vitunguu. Nilikuwa nimeyaandaa yote njiani. "Nilikuwa naiandika tu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Wao walisema mbele ya watu kwamba namlisha mume wangu sumu. Kanisani watu walikuwa wananihama benchi. Kwenye msiba wa jirani waliniondoa kwenye sufuria, nikapewa kazi ya kuosha vyombo. Sitarudi kwa kutumiwa ujumbe. Wewe ndiye uliyeanza. Wewe ndiye utakayesema, palepale waliponihama. Ukishasema, nitarudi kwa mume wangu siku hiyohiyo."

Nikamwomba padre nafasi Jumapili, wakati wa matangazo. Katekista alisoma ratiba ya usafi wa kigango, akasoma ndoa zitakazofungwa, akaniita. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa wizara, sijawahi kuogopa hivyo. Mzee Paskali alikuwa mbele kwenye kiti chake cha mbao, Yuliana kando yake, na Mama Ema amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Nikasema jina langu. Nikasema Mzee Paskali ana ugonjwa unaoitwa Pakinsoni, kwamba ulimwondolea harufu ya chakula na kumfunga choo miaka mingi kabla ya kumtetemesha, na kwamba hakuna mtu aliyemlisha kitu. Nikasema taifodi iliyoandikwa kwenye madaftari yake niliiandika mimi, na sikuiona.

Mama Ema alisimama, akaja mbele taratibu, akamshika mumewe mkono wakatoka pamoja, na Yuliana akawafuata amebeba kiti cha mzee. Aliomba radhi njiani au hakuomba, sijui, sikuwepo. Najua jioni ile moshi wa jiko la Mama Ema ulionekana, na Yuliana alikula.

Mimi nilikuwa bado nimesimama pale mbele, natafuta pa kuweka mikono, nikidhani yameisha. Ndipo bibi mmoja kwenye benchi la tatu, mjane ninayemfahamu vizuri, akainuka kwa kushikilia benchi la mbele yake.

"Dokta," akasema, "na ile taifodi ya marehemu mume wangu? Hiyo uliiona?"